Mpeni mtoi kitufe cha kufuta

Wasee wa Bondeni, na majirani wa Kivumbini, Flamingo na Kaloleni, leo sina vichekesho. Leo nataka tuongee kuhusu watoto wa madarasa ya chini, wale wa PP1 hadi Gredi ya 3, na hivi vifaa ambavyo kila mwanasiasa na kila kampuni inatuambia vitawafanya wasome vizuri. Kuna kitu hakisemwi, na kinaniuma kwa sababu kinagusa kazi yangu ya kila siku.

Mimi nashinda nikitengeneza klipu. Watu wanadhani klipu ni ya mwenye simu. Si kweli. Klipu ni ya yule anayebonyeza kurekodi, anayesikiliza alichosema, halafu anaamua hii ibaki, hii ifutwe. Ukinishikia simu, ukanipanga mahali pa kusimama, ukaniambia la kusema, kisha ukaituma unakojua wewe, mimi hapo ni kama kiti. Nilionekana tu.

Na hapo kwa kufuta ndipo mtu anajifunza. Klipu ya dakika moja naweza kuirudia mara kumi. Ya kwanza naongea haraka kama makanga wa Njoro. Ya pili nimemeza neno. Ya tatu iko sawa lakini mwisho sauti imeanguka. Hakuna mtu amenisahihisha. Najisikia mwenyewe, nakunja uso, nafuta, narudia. Kiswahili changu cha kuongea kilinyookea hapo, wala hakuna kiboko kilichohusika.

Kwa hivyo nikisikia mtu anasema teknolojia itamfanya mtoto mdogo ayachukue masomo yawe yake, swali langu ni moja tu: kitufe kiko mkononi mwa nani?

Angalia vile mtoto wa Gredi ya 2 anavyokutana na teknolojia ya shule kwa ploti nyingi za hapa. Saa mbili usiku ujumbe unaingia kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi: mtoto apigwe video akifanya usafi wa nyumbani, itumwe kabla ya kesho asubuhi. Mathe ametoka sokoni, simu iko asilimia sita. Anamwita mtoi ambaye ameshaanza kusinzia juu ya ugali. "Amka. Shika fagio. Simama hapa kwa taa. Fagia. Tabasamu basi!" Sekunde kumi na tano. Imetumwa, bundles zimeisha na fagio imerudishwa kwa jirani. Ticha anaiona kesho yake katikati ya video zingine hamsini, anaweka tiki, anaendelea na maisha. Mtoto mwenyewe hajawahi kuiona hiyo video. Muulize ilienda wapi, atakuangalia tu.

Au kuna ile ya kuprinti. "Lete picha za wanyama wa porini, za rangi." Mzazi anatembea hadi saiba, hela ya nyanya inakuwa hela ya simba na twiga, mtoto anapewa karatasi abandike. Na tunaishi karibu na Mbuga ya Ziwa Nakuru jamani! Nyani wa huko wanaruka ua kuja kutuibia ndizi. Mtoto angeweza kumchora nyani kwa kumbukumbu ya hasira.

Ukilalamika unaambiwa hiyo ndiyo CBC. (Siku hizi tunaambiwa tuiite CBE, mimi bado niko na jina la zamani.) Lakini ukisoma mtaala wenyewe, hausemi hivyo. Una umilisi wa kimsingi saba: mawasiliano na ushirikiano, kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, ubunifu, uraia, matumizi ya kidijitali, hamu ya kujifunza, na kujiamini. Hizo mbili za mwisho ndizo ninazozungumzia hapa. Ziko kwa karatasi, zimeandikwa na watu waliofikiria. Hakuna mahali nimeona umilisi wa nane kwamba mathe awe cameraman.

Na hii nchi ilishajaribu kitu kikubwa, tusijifanye tumesahau. Kwa kampeni ya 2013 Jubilee waliahidi kila mtoto anayeingia darasa la kwanza laptopu. Zabuni ya kwanza ikaishia kubatilishwa, laptopu zikageuka kuwa tableti, na kuanzia 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni kwa ule mpango wa DLP. Kazi ilipewa vyuo vikuu viwili vya hapa nyumbani, Moi na JKUAT, kila kimoja na kampuni ya nje. Mwishowe vifaa vilipita milioni moja, shule zaidi ya 20,000. Ilikuja tableti ya mwanafunzi, kifaa cha mwalimu, projekta, na kisanduku cha kuhifadhia masomo ili darasa lisihitaji intaneti. Shule ambazo hazikuwahi kuwa na balbu zilivutiwa stima kwa ajili ya hii kitu. Hilo la stima nalipongeza bila kejeli yoyote.

Mdogo wangu alikuwa darasa la kwanza 2017, shule moja ya umma hapa Nakuru, sitaitaja. Tableti zilikuja kweli. Zikaingia stoo yenye mlango wa chuma na kufuli mbili. Mwaka mzima anakumbuka kuishika mara nne, na moja kati ya hizo ilikuwa siku ya wageni. Walikalishwa wanne wanne, waliambiwa wasibonyeze chochote mpaka waambiwe, wakaambiwa wabonyeze picha ya ng'ombe, ng'ombe akalia, wageni wakapiga makofi. Tableti zikarudi ndani.

Kwa muda mrefu watu wa mtaa walimlaumu mwalimu mkuu. Mimi simlaumu. Hebu jiweke kwa kiti chake. Vifaa umevipokea kwa sahihi yako. Kimoja kikipotea, unaitwa uandike maelezo, pengine ulipe. Madirisha ya shule hayana grili, mlinzi ni mzee mmoja na tochi. Lakini tableti ikikaa stoo miaka mitatu mpaka betri ife, nani atakuuliza? Hakuna. Mfumo ulimwadhibu mtu kwa kuibiwa na haukumuuliza chochote kuhusu kutotumia. Hata mimi ningenunua kufuli ya tatu.

Kinachoniuma ni kwamba kizazi hicho hicho cha darasa la kwanza 2017 ndicho kilichokuja kuwa cha kwanza cha CBC. 2019 walikuwa Gredi ya 3, 2022 wakafanya KPSEA ya kwanza, Januari 2023 wakafungua JSS ambayo hata madawati yake hayakuwa yamepatikana kila mahali. Katikati hapo, Machi 2020, shule zikafungwa kwa sababu ya korona. Masomo yakahamia redio na televisheni. Gredi ya 4, yaani wao, walirudi tarehe 12 Oktoba. Hesabu miezi hiyo. Karibu miezi saba mtoto yuko nyumbani bila kitu, na kifaa alichonunuliwa kwa ushuru wa mathe wake kiko stoo, kimezimwa, kimefungwa, kiko salama kabisa.

Sasa kuna mtu ataniambia, kwani zingetolewa zingesaidia? Swali zuri, na jibu lake si lile watu wa makampuni wanapenda.

Mwaka 2013 kule Kisumu kulikuwa na jaribio chini ya mradi wa PRIMR, ule uliozaa Tusome. Walijaribu njia tatu za kutumia vifaa kwa usomaji wa madarasa ya chini: tableti kwa wale wanaotembelea shule kuwashauri walimu, tableti kwa walimu wenyewe, na vifaa vya kusomea vitabu kwa wanafunzi. Makundi yote matatu yaliwashinda watoto ambao hawakuguswa na mradi. Lakini ukiyalinganisha na mradi ule ule bila vifaa, yaani vitabu vizuri, mafunzo kwa ticha na mtu wa kumtembelea, vifaa havikuongeza tofauti ya maana. Na kumpa kila mtoto kifaa ndiyo ilikuwa njia ghali. Tusome ilipoenea nchi nzima kuanzia 2015 ilichukua somo hilo: kitabu kwa kila mtoto, tableti kwa wale maafisa wanaozunguka shuleni. Hakuna aliyepiga tarumbeta, lakini watoto walipata vitabu vya kushika na kwenda navyo.

Halafu kuna Tanga, hapo chini tu kwa majirani. Kuanzia mwisho wa 2017 kulikuwa na shindano la Global Learning XPRIZE. Karibu watoto 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuingia darasani. Kijijini kulikuwa na kituo cha kuchaji kwa sola, na hakukuwa na ticha wa kuwasimamia. Mtoto na kifaa chake tu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Mimi hizo habari mbili nazisoma pamoja, na naomba mzisome hivyo pia. Tanga inaonyesha mtoto mdogo anaweza kujisukuma mwenyewe akiachiwa kitu mkononi, kila siku, bila mtu wa kumcheka akirudia herufi "m" mara arobaini. Hiyo ni kubwa na sitakubali mtu aidharau. Lakini nusu ile nyingine, baada ya miezi 15, bado neno moja lilikuwa linawashinda. Kwa hivyo msiniletee stori ya tableti kuchukua nafasi ya ticha. Na Kisumu inaonyesha kwamba pale ambapo kuna ticha aliyefunzwa na kuna kitabu, kuweka skrini juu yake kwa ajili tu ya kuonekana wa kisasa ni kumwaga pesa.

Basi skrini ifanye nini? Ifanye kile ambacho kitabu hakiwezi. Kitabu kinamwonyesha mtoto kilichoandikwa. Hakimwonyeshi alichosema yeye. Na ticha mwenye watoto sitini hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kila siku, hata akiwa malaika.

Niliona hii kwa macho likizo ya Agosti. Kuna kasichana ka jirani, Gredi ya 2, kalikuwa kamekaa kwa ngazi za ploti na kitabu chake cha Kiswahili, kanasoma kwa ile sauti ya kuimba ambayo watoto wa shule husoma nayo, maneno yote na wimbo mmoja. Nikampa simu yangu. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza kurekodi, pa kusikiliza, pa kufuta. Nikaizima data, nikarudi kwa kazi zangu mlangoni.

Akarekodi. Akasikiliza. Kwanza akacheka mpaka akaficha uso, "Huyo ni mimi? Mbona niko hivyo?" Watoto wote hushtuka na sauti yao, hata watu wazima. Akarudia kusikiliza, safari hii na kidole kwa kitabu. Ghafla akanyamaza. "Eh! Nimesema mama anapiga chapati." Kitabu kilisema anapika. Akacheka tena, lakini ya aina nyingine, ile ya mtu aliyejishika mwenyewe. Akafuta. Akarekodi upya. Ya pili ilikuwa imeruka mstari mzima, akaijua bila kuambiwa kwa sababu ghafla chapati zilikuwa zimeliwa kabla ya kuiva. Akafuta. Ya tatu akakwama kwa neno "alipomkaribisha" na akaja kwangu: "Brathe, hii inasomwaje?" Nikamvunjia vipande, ali-po-m-karibisha, akaenda nalo akilitafuna. Ya nne ikatoka safi. Akafanya ya tano, kwa sababu sasa ilikuwa raha, na hiyo boda ikapita na honi katikati. Akazisikiliza zote mbili kama prodyusa, akachagua kubakisha ya nne.

Mathe wake aliporudi jioni, mtoto ndiye aliyembebea simu. "Mama, sikiliza. Hii ndiyo nzuri."

Linganisha hiyo na video ya fagio. Simu ni ile ile ya kawaida. Hakuna programu ya kununua, hakuna bundles, hakuna mtaalamu kutoka Nairobi mwenye kitambulisho shingoni. Tofauti ni kwamba huyu aliamua. Alijua kosa lake kabla ya mtu mwingine kulijua, na alikuwa na nafasi ya kulimaliza kimya kimya kabla halijaonekana. Sisi wakubwa tunajipa hiyo nafasi kila siku. Tunaandika meseji, tunafuta, tunaandika tena. Mtoto wa miaka saba anasoma mbele ya darasa mara moja, akikosea kicheko kinampiga hapo hapo, na kesho yake anakuwa mgonjwa wa tumbo.

Najua mtu anasema, hiyo ni mtoto mmoja kwa ngazi, jaribu na sitini. Sawa, tupige hesabu. Somo la madarasa ya chini ni dakika 30. Shule ikifufua tableti kumi tu kutoka ile stoo, hizo ni watoto sita kwa kila moja. Mtoto mmoja anahitaji kama dakika mbili: moja ya kusoma, moja ya kusikiliza. Sita ni dakika kumi na mbili. Weka mizozo ya nani anaanza, weka mmoja anayelia, bado uko ndani ya nusu saa. Kelele ndiyo shida kubwa, sauti kumi zikisoma pamoja darasani hakuna kurekodi kinachosikika. Wapelekwe nje, kundi moja kwa ukuta, lingine chini ya mti, lingine nyuma ya jiko. Wale watano wanaosubiri wanafuata kwa kitabu na wanajifunza kuskiza, ambayo pia ni kazi. Si lazima iwe kila siku. Mara mbili kwa wiki inatosha mtoto kuanza kusema "niache nirudie", na hilo ndilo neno ninalotaka kulisikia.

Ticha hapo hafukuzwi kazi. Anakuwa yule wa kuulizwa "hii inasomwaje?" Jioni akiwa na dakika kumi anasikiliza rekodi tano, kesho tano zingine, na kwa wiki mbili tatu amewasikia wote mmoja mmoja. Leo hii kuna walimu wanaojaza alama za watoto kwa mtandao wa KNEC usiku kwa bundles zao wenyewe. Angalau hii ingewaambia kitu kuhusu mtoto, si kuhusu fomu.

Wengine wana hofu ya skrini. Nawaelewa, na kusema kweli nakubaliana nao kuliko wanavyodhani. Mtoto wa miaka sita kuachiwa simu aangalie katuni moja baada ya nyingine mpaka macho yawe mekundu, hiyo siitetei. Ubongo Kids ya Tanzania ni katuni nzuri, ya Kiswahili kizuri, inafundisha hesabu na sayansi, na hata hiyo mtoto akiiangalia tu bila kusimamisha, bila kujaribu, bado ni abiria amekaa nyuma. Ninachosema hapa hakina picha za kurukaruka. Ukirekodi sauti, macho yako kwa kitabu. Kifaa kimelazwa kifudifudi.

Wizi upo pia, na mimi naishi hapa, siwezi kuwadanganya. Lakini tableti iliyokufa betri ndani ya stoo ni wizi uliokamilika tayari, tofauti ni kwamba hakuna aliyeiuza. Shule inaweza kuandika majina ya watoto kwa kila kifaa na kundi lihesabu chake kabla ya kengele. Watoto ni walinzi wakali sana wa kitu wanachokiona ni chao. Jaribu kuhamisha dawati la Gredi ya 3 uone.

Halafu kuna hili la picha na sauti za watoto, na hapa nawageukia wenzangu wa kamera. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilipiga shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Baada ya hapo ungetegemea watu watulie. Ingia mtandaoni leo uone: mtoto wa PP2 amekosea kutaja rangi, ticha anacheka nyuma ya simu, watu laki mbili wameangalia. Mtoto analia kwa kamera, eti ni kichekesho. Ukiuliza wanasema ni teknolojia darasani. Huyo mtoto hakubonyeza kurekodi. Hakusikiliza. Na hata akifika miaka ishirini hataweza kuifuta, kwa sababu imeshasambazwa kwa simu ambazo hazijui jina lake. Wengine wetu tumezishea hizo klipu na kuweka vikaragosi vya kucheka. Mimi sizipokei tena kwa ukurasa wangu, na ukinitumia utaona kimya.

Kwa hivyo rekodi za kusoma zikae ndani ya kifaa cha darasa. Mwisho wa muhula zifutwe, na mtoto mwenyewe ndiye azifute. Kabla ya hapo achague moja ya kumsikilizisha mzazi siku ya kuchukua ripoti. Moja tu, ile anayoona ni nzuri. Hapo mzazi atasikia mtoto wake akisoma, badala ya kusoma herufi za tathmini ambazo nusu yetu hatuelewi zinamaanisha nini.

Hii haihitaji bajeti mpya wala ahadi nyingine ya kampeni, na 2027 inakuja, mtaahidiwa, jitayarisheni. Inahitaji mtu mmoja kwa bodi ya shule aseme kwamba tableti ikiharibika mikononi mwa watoto ikifanya kazi, mwalimu mkuu hataandikishwa maelezo. Inahitaji fundi wa kuangalia betri, na mtaa huu una vijana wanaofufua simu zilizoanguka chooni. Na inahitaji wazazi wakatae video za fagio, kwa heshima, wakisema mtoto ataleta alichochagua mwenyewe.

Mkutano wa wazazi kwa shule nyingi uko mwanzo wa muhula. Ukiwa na mdogo wako, au mtoto wa dadako, au wako mwenyewe, nenda, wasimamie mathe kama yuko kazini. Kaa mpaka ile sehemu ya mengineyo, ambapo kila mtu ameshachoka na wanataka kwenda. Inua mkono uulize zile tableti ziko ngapi, zinazowaka ni ngapi, na ufunguo wa stoo uko na nani. Ukiambiwa ufunguo uko na mwalimu aliyehamishwa 2021, niandikie. Fundi wa kufuli tunaye hapa Bondeni, na hachukui pesa nyingi.